Mlo wa Mlimaji kwa Clifford Puddy

Kwa miaka thelathini na moja Thelma Puddy alipika chakula cha mchana katika shule ya msingi ya Compley, na miaka yote hiyo aliwajua watoto kwa mabaki yao. Alisimama kwenye dirisha la kurudishia sahani, kando ya ndoo, akatazama kilichoachwa. Mtoto aliyezoea kumaliza viazi akianza ghafla kuvisukuma pembeni, Thelma alijua kuna jambo nyumbani kwao, wiki mbili kabla mwalimu hajajua. Watoto hawakumficha kitu. "Mchuzi wa leo unanuka mbwa aliyelowa, Bi Puddy," walimwambia usoni, naye akaenda kuuonja, na mara nyingi ilikuwa kweli. Watu wazima ndio waliomshinda. Mwalimu mkuu aliacha nusu ya pai kila Jumanne, na kila Jumanne akasema ilikuwa tamu ajabu.

Hakuolewa. Alipostaafu alipewa saa ya ukutani na shada la maua, akarudi kwenye nyumba yake ndogo nyuma ya kanisa, akidhani ameachana na habari za mabaki ya watu. Kisha, mwezi wa Februari, Enid akafariki, mke wa kaka yake Clifford, na Clifford akaacha kula.

Hakuacha kwa siku moja. Mwanzoni alisema amekwisha kula. Baadaye akasema atakula jioni. Mwezi wa Aprili Thelma alifungua pipa la taka la kaka yake akitafuta gazeti, akakuta nyama na viazi alivyompelekea Jumapili, vimefungwa vizuri kwa karatasi, pembe zimekunjwa, kama mtu aliyemzika ndege. Akafunga pipa. Jumapili iliyofuata akampelekea nyingine.

Clifford alikuwa na miaka sabini na minne. Arobaini na miwili kati ya hiyo aliitumia kwenye kiwanda cha jibini chini ya kilima, akigeuza magurudumu ya jibini, mabonge ya mviringo yenye uzito wa mtoto wa miaka minane, moja baada ya jingine, rafu baada ya rafu. Zamani mabega yake yaliziba mlango. Kufikia Juni koti lake lilimning'inia kama lililotundikwa msumarini. Nesi wa kijiji alikuja kumpima kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Februari alikuwa na kilo sitini na sita. Juni, hamsini na saba.

Lorna, binti yake wa pekee, alipiga simu kutoka Leeds. Hakumpigia baba yake, alimpigia Thelma.

"Shangazi, nimempatia nafasi kwenye nyumba ya wazee. Ni dakika kumi kutoka kwangu. Ina bustani."

"Yeye anajua?"

"Nimemwambia. Amesema sawa."

"Baba yako siku hizi anasema sawa kwa kila kitu."

"Ndiyo maana naogopa," Lorna akasema. Thelma akamsikia anavuta pumzi puani kama alivyofanya alipokuwa mdogo. "Sitaki kumng'oa kwake. Lakini sitaki pia nipigiwe simu niambiwe mmemkuta sakafuni. Tufanye hivi. Tungoje hadi Oktoba. Nesi akimpima, akiwa ameshuka tena kuliko Septemba, nakuja na gari."

Thelma angekuwa Lorna, angesema hivyo hivyo. Ila alimjua kaka yake. Mtu huyu hakuwahi kulala zaidi ya usiku mbili mahali ambapo hawezi kukiona kile kilima. Ukimpeleka Leeds atasema sawa, atakaa kwenye kiti watakachomwonyesha, na atamalizikia hapo hapo bila kumsumbua mtu.

Jioni ile akaenda kwake, akaketi jikoni mbele yake. "Cliff. Kama ungeweza kula kitu kimoja tu, ungekula nini?"

Clifford akatazama dirisha. Alikaa hivyo mpaka birika likachemka na kujizima lenyewe.

"Mlo wa mlimaji," akasema mwishoni. "Mzuri lakini. Wa sawasawa. Na huo haupo tena."

Alisema hivyo ili aachwe. Alichagua kitu alichoamini kimekwisha duniani. Thelma aliyachukua maneno yake kama agizo lililoingia jikoni, akaenda kutafuta ramani.

Ungedhani ni jambo jepesi. Mkate wenye ganda, jibini bapa nene, siagi, kitunguu cha siki, achali nyeusi, nusu ya tufaha, na glasi ya bia chungu pembeni. Hakuna kinachopikwa. Lakini Thelma alikuwa mpishi, na alijua kwamba mahali pasipopikwa kitu ndipo mpishi anapokosa pa kujificha. Aliweza kuutayarisha kwake, na alijaribu, mara mbili. Clifford alishukuru, akaupeleka mpaka kwenye pipa. Mlo wa mlimaji unaliwa baani, mezani pa mtu mwingine, huku watu wasiokuhusu wakizungumza mambo yao. Hilo lilikuwa sehemu ya mlo, kama siagi.

Wakaanza Alhamisi ya mwisho ya Juni kwenye Baa ya Mbweha, juu ya barabara ya kwenda Wells. Mwenye baa, Maxine Tapp, mwanamke wa miaka hamsini hivi aliyemwita kila mtu mpenzi, aliwaletea sahani mbili mwenyewe. Jibini ilikuwa imetoka kwenye friji wakati ule ule. Ilikuwa ngumu na yenye jasho, na ilikatika kama sabuni. Clifford akala tufaha. Akaonja jibini mara moja, akaweka kisu chini.

Maxine akapita. "Kila kitu kiko sawa, wapenzi wangu?"

"Kitamu sana, asante," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Ndani ya gari, milango ilipokwisha kufungwa, Clifford akasema, "Ningeweza kuezekea banda kwa jibini ile."

Thelma akawasha gari. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizomsikia akisema tangu mazishi.

Wakaendelea. Julai walikwenda kwenye mkahawa wa bustani ya maua, ambako jibini ilikuja imekunwa, imerundikwa juu ya majani kama theluji, na yote juu ya kipande cheusi cha jiwe. Clifford akakigonga kwa ukucha.

"Hiki ni kigae cha paa."

"Ndiyo mtindo siku hizi."

"Nani ameezuliwa nyumba ili mimi nile?"

"Punguza sauti, Cliff."

"Nauliza tu. Mvua ikinyesha kwao leo, tutakuwa na hatia."

Mhudumu alipokuja kuuliza, wakasema kitamu sana, asante. Kwenye baa ya kando ya mto walipewa jibini tatu, moja ikiwa na vipande vya matunda ndani, na Clifford akaitazama hiyo kama aliyetukanwa na mtu asiyemjua. Kitamu, asante. Mahali pengine mkate ulikuwa mrefu na mgumu, ukamchubua ufizi. Kizuri kabisa. Pengine walifika saa nane na dakika tano wakakuta jiko limefungwa, wakarudi na pakiti moja ya viazi vya kukaanga waliyogawana.

Thelma hakukata tamaa. Kila Alhamisi alivaa koti lake la bluu, akaenda kumchukua, akangoja atafute kofia. Kwenye ramani alizungushia kila baa duara la penseli, kisha akalipiga mstari. Alikuwa na uso wa mtu anayepanda ngazi na mzigo, anayejua kwamba akisimama kupumzika hatainuka. Na kweli kaka yake alisema zaidi sasa. Alichekesha. Lakini hakula. Julai kilo hamsini na sita, Agosti hamsini na tano, Jumatatu ya kwanza ya Septemba hamsini na nne. Kejeli haina uzito kwenye mizani.

Alhamisi iliyofuata wakaenda Baa ya Kengele Tatu, wakakuta karatasi mlangoni: imefungwa kwa mazishi. Ilikuwa saa saba na nusu. Baa pekee ya karibu ilikuwa ya Mbweha.

"Kule kwenye sabuni," Clifford akasema.

"Kule au nyumbani."

"Sawa," akasema, na neno lile lilimchoma Thelma kuliko matusi.

Walipoingia, Maxine Tapp alitoka nyuma ya kaunta mikono imefunguliwa. "Nyinyi. Nimekuwa nikiwangoja nyinyi. Njooni muone."

Akawaonyesha ubao ukutani. Kwa chaki nyeupe, kwa herufi nzuri za mtu aliyejitahidi, iliandikwa: Mlo wetu wa Mlimaji, uliosifiwa.

"Mwezi wa sita nilikuwa nimekwisha amua kuutoa," Maxine akasema. "Kila mtu alikuwa anaacha nusu. Nikawaza, au jibini ni baridi? Au nibadilishe mkate? Halafu mkaja nyinyi wawili. Nikamuuliza mtu, huyu mzee ni nani, nikaambiwa ni Puddy, ametengeneza jibini maisha yake yote. Na Puddy mwenyewe ameniambia kitamu sana. Basi nikasema, Maxine, kumbe huna shida. Nimeuacha kama ulivyo. Ketini, ketini. Leo nawaongezea."

Wakaketi. Clifford alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Sahani zikaja, zimejaa kuliko mara ya kwanza. Jibini ile ile, jasho lile lile. Kaunta ilikuwa na mtu mmoja tu, mzee Norris, mkulima aliyekula chumvi nyingi, naye alikuwa na sahani yake na nusu yake aliyoiacha.

Thelma akaigusa jibini kwa kidole, akakiondoa. Aliwafikiria watu wote waliokaa kwenye meza ile tangu Juni, wakala tufaha, wakasema asante. Akaona jinsi ilivyokwenda: mwanamke huyu alikuwa ameshika njia sahihi, akiuliza maswali yale yale ambayo yeye mwenyewe angeuliza kando ya ndoo, na wao wawili wakamrudisha nyuma kwa maneno mawili ya adabu. Kisha wakazunguka nchi nzima miezi miwili wakitafuta kitu ambacho walikuwa wamekizuia kuzaliwa hapa, maili nne kutoka nyumbani.

Maxine akaja, akifuta mikono. "Kila kitu kiko sawa?"

"Kitamu sana, as..." Clifford akaanza.

"Hapana," Thelma akasema. "Si kitamu."

Norris akaacha glasi yake njiani, kati ya kaunta na mdomo.

"Thelma," Clifford akanong'ona.

"Si kitamu, Maxine. Mwezi wa sita hakikuwa kitamu pia. Nilikudanganya. Jibini ni baridi mno, mkate ni wa jana, na hii achali imetoka kwenye chupa ambayo nisingempa mtoto aliyenikosea. Samahani. Kitunguu ni kizuri."

Uso wa Maxine ulikuwa wa mtu aliyepigwa kibao kanisani. "Mlisema kitamu. Mlinitazama machoni mkasema kitamu. Miezi miwili mmenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nikaandika ukutani."

"Ndiyo."

"Mbele ya watu wote."

"Ndiyo. Najua."

"Mimi," Norris akasema kutoka kaunta, "nimekula jibini hiyo miaka miwili. Nilidhani ni meno yangu."

"Wewe nyamaza, Norris. Wewe unakula hata mikeka ya bia." Maxine akageuka tena kwa Thelma, macho yamelowa. "Jibini hiyo natoa kiwanda cha chini ya kilima. Si ya dukani. Nalipia jibini nzuri."

Hapo Clifford akainua kichwa. "Ni ya kwetu?"

"Ya kwenu, ndiyo."

Akaivuta sahani. Akachukua kipande, akakishika ndani ya ngumi akakifungia, kama mtu anayempasha joto kifaranga. Wakamngoja. Ukutani saa ilikuwa inakimbilia saa nane na hakuna aliyesogea. Baada ya dakika kadhaa akafungua mkono, akanusa, akatia mdomoni.

"Ya msimu wa majani mapya," akasema. "Ya mwaka juzi." Akatafuna polepole. "Jibini haina kosa, Maxine. Kosa ni kuiogopa. Unaificha kwenye baridi kama maiti. Unaifunga kwa plastiki?"

"Inakauka nisipoifunga."

"Ifunge kwa kitambaa chenye unyevu. Itoe asubuhi, ukifungua mapazia. Isikatwe mpaka mtu ameagiza. Na usiikate nyembamba, hii si barua." Alikuwa amesimama. Thelma hakumwona akisimama. "Friji iko wapi?"

"Cliff, huwezi kuingia jikoni mwa mtu," Thelma akasema.

"Mwache aingie," Maxine akasema kwa uchungu. "Mmekwisha kunivua nguo, nguo za ndani za nini?"

Alikaa huko jikoni nusu saa. Thelma alibaki mezani na sahani mbili zilizojaa, akisikia sauti ya kaka yake kupitia ukutani, isiyo ya juu, inayoelekeza. Maxine alipotoka hakumwita mpenzi. Alichukua kitambaa, akafuta ubao, ukabaki mweusi mtupu.

"Alhamisi," akasema bila kugeuka. "Saa sita. Mkate nitaoka mwenyewe. Na mkinidanganya tena nawafukuza wote wawili."

Alhamisi hiyo mkate ulikuwa umeungua chini, na Clifford akamwambia. Alikula jibini yote na nusu ya mkate. Alhamisi ya pili achali ilikuwa tamu mno, akamwambia, na Maxine akamjibu kwamba yeye ana ulimi wa mkaguzi wa serikali, na akaenda kuongeza siki. Akala vyote, akabakiza ganda. Alhamisi ya tatu Maxine alimwomba amsaidie kuchagua gurudumu la mwezi ujao, wakaenda kiwandani pamoja kwa gari la Maxine, na Clifford akarudi na unga mweupe wa jibini kwenye mkono wa koti. Alhamisi ya nne hakusema kitu mpaka sahani ilipokwisha. Kisha akasema, "Huu ndio," na akatazama pembeni kwa muda mrefu, na Thelma akajishughulisha na siagi yake, kwa sababu alijua kaka yake anamwona Enid kwenye kiti kilichokuwa wazi.

Jumatatu ya kwanza ya Oktoba nesi akampima. Kilo hamsini na nne na gramu mia sita.

Thelma alimpigia Lorna akiwa amesimama kwenye ukumbi wa kaka yake, koti bado mwilini. "Amepanda," akasema. "Hakushuka. Amepanda."

"Gramu mia sita ni viatu, Shangazi."

"Alivua viatu."

"Basi ni glasi mbili za maji." Sauti ya Lorna haikuwa na ubaya, ilikuwa imechoka. "Nafasi wananishikia mpaka Ijumaa. Nikiiachia, sijui kama nitapata nyingine kabla ya baridi. Naomba uniambie ukweli. Anakula?"

Thelma akafungua mdomo. Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi, laini, lenye adabu: anakula vizuri sana, usiwe na wasiwasi. Akalizuia. Kabla hajapata jingine, mkono mkubwa ulipita juu ya bega lake ukachukua simu.

"Lorna, ni baba yako. Sikiliza. Alhamisi nakula. Nakula kweli, muulize Maxine Tapp. Siku nyingine najaribu, na mara nyingi nashindwa. Chakula cha shangazi yako nimekuwa nikikitupa, yeye anajua na anajifanya hajui." Akasikiliza. "Hapana, siendi Leeds. Nilisema sawa kwa sababu sikujali. Sasa najali. Hapana, sikasiriki. Mama yako hayupo, Lorna, na nyumba inanyamaza wakati wa kula, hiyo ndiyo shida yangu yote, na Leeds hawana dawa yake." Akasikiliza tena, muda mrefu zaidi, kichwa kimeinama. "Nipimwe tena Novemba. Nikishuka, njoo na gari lako, nitapanda mwenyewe. Hilo nakuahidi."

Akaweka simu chini.

"Amesema nini?" Thelma akauliza.

"Amesema Novemba. Analia. Amesema nafasi ataiachia."

Wakasimama kwenye ukumbi mwembamba, watu wawili wazee waliokwisha maliza adabu zao. Thelma alifikiria zile Alhamisi zote, jinsi alivyozihesabu kama mtu anayelipa deni la wiki nzima kwa siku moja, na jinsi alivyorudi nyumbani kila mara bila kuuliza kuhusu kesho yake. Akavua koti, akalitundika.

"Ijumaa unakula nini?" akauliza.

"Chai."

"Na Jumamosi?"

Clifford akafikiri kwa uaminifu. "Chai. Na biskuti, kama redio inawaka."

"Jumapili ni ile nyama yangu ya pipani."

"Ina chumvi mno, Thel. Tangu zamani. Watoto hawakukwambia?"

"Waliniambia. Nilidhani wanazidisha." Akaingia jikoni mwa kaka yake, akavuta kiti cha pili kutoka chini ya meza, akaketi. "Haya, tuanze na Ijumaa. Nakuja saa saba. Utanitazama ninavyopika, na utanitukana kwa kila nitakachokosea, na utakula."

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa utaniambia umeshindwa, na tutaketi hapa hivyo hivyo mpaka saa nane. Nyumba haitanyamaza."

Clifford akawasha birika, akatoa vikombe viwili.